Jedwali Likisema "Hakuna"

Simama kwenye ufukwe wa magharibi wa Unguja asubuhi ya msimu wa watalii, uso umeuelekeza bara. Ndege ndogo za kutoka Dar es Salaam zitakupitia moja baada ya nyingine, mlio wa propela ukikufikia kabla ya kivuli. Sasa fungua hifadhidata ya mahali zilipo ndege, uandike swali la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata: nipe ndege zote zilizo kati ya latitudo -5.5 na -7.5, na kati ya longitudo 38.5 na 40. Kipande hicho cha anga kinaichukua Dar es Salaam, Unguja nzima na bahari iliyo katikati. Jibu litakuja upesi, bila onyo wala lalamiko: mistari 0.

Kompyuta haijakosea. Kwake, "kati ya -5.5 na -7.5" ni namba isiyopungua -5.5 na papo hapo isiyozidi -7.5, na namba ya namna hiyo haipo. Huku kusini mwa ikweta, -7.5 ndiyo ndogo, kwa hiyo ndiyo ya kutangulia. Ukizigeuza namba hizo mbili, swali linapata maana.

Nimeanza na kosa hili dogo kwa sababu limebeba kisa kizima cha kazi hii. Binadamu ana njia nyingi za kukosa jibu: sijui, sikukuelewa, sikusikia, sikuwapo, hakuna. Hifadhidata ina moja tu. Swali likiandikwa vibaya, kipokezi kikikosa kusikia, au anga likiwa tupu kweli, yote matatu hutoka kwa sura ileile ya mistari 0. Kazi ya anayeuliza ni kuzitenganisha hizo "hakuna". Asiyeweza kuzitenganisha hana sababu ya kuziamini hata zile "ipo" anazopewa.

Ndege inayojitangaza

Msingi wa data hizi ni mfumo uitwao ADS-B. Rada ya zamani hurusha mawimbi na kusubiri yarudi. ADS-B huiachia ndege ijitangaze. Ndege hupata mahali ilipo kutoka setelaiti za GPS, kisha hutangaza kwa redio, kwenye masafa ya megahezi 1090, mahali ilipo, mwinuko, kasi na jina la safari. Ikiwa hewani, tangazo la mahali hutoka kama mara 2 kila sekunde. Halikufungwa kwa siri yoyote, na mwenye antena na kipokezi hulisikia.

Kila tangazo hubeba namba ya ndege yenyewe, yenye biti 24, inayotoka kwenye fungu ambalo nchi iliyoisajili imegawiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Zikiandikwa kwa heksadesimali, namba za ndege za Kenya huanza na 04C na za Tanzania huanza na 080. Namba zote zinazowezekana duniani ni 16,777,216.

Zamani usikilizaji huu ulihitaji vifaa vya gharama. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba kidude cha kupokelea televisheni kwenye kompyuta, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kugeuzwa redio ya masafa mengi. Mtaliano Salvatore Sanfilippo, yuleyule aliyetunga hifadhidata ya Redis, akaandika programu ya dump1090, inayoyapokea matangazo ya ndege kwa kidude hicho na kuyafumbua. Usikilizaji wa anga ukahamia kwenye mapaa ya nyumba za watu. Mwaka huohuo wa 2012 watafiti wa Uswisi, Ujerumani na Uingereza walianzisha OpenSky Network, ambao hukusanya yanayosikika kwenye mapaa hayo, huyahifadhi, na huwaruhusu watafiti kuyauliza kwa SQL.

Katika jedwali lake kuu, mstari mmoja ni hali ya ndege moja kwa sekunde moja: namba yake, jina la safari, saa, latitudo, longitudo, mwinuko, kasi, mwelekeo, kasi ya kupanda au kushuka, kama iko ardhini, na msimbo wa transponda, kifaa cha ndege kinachorusha matangazo haya. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila mstari wa jedwali hili umeundwa na rubani, GPS, transponda, antena ya mtu fulani na programu iliyoyakusanya yote, na kila mmoja wa mafundi hao anaweza kuacha ufa.

Ramani hufuata, swali hutafuta

Watu wengi wanazijua data hizi kupitia ramani za simu, kama ile ya Flightradar24 ya Sweden. Ramani inamfaa anayemsubiri mgeni wake, kwa kuwa inamwambia ndege ile iko wapi sasa. Haiwezi kumwambia ni ndege zipi mwezi huu zilizunguka zaidi ya mara tano juu ya mji mmoja, wala zipi ziliweka msimbo wa 7700, ishara ya dharura, zikiwa juu ya futi 30,000. Hapo linahitajika swali lenye muundo, linaloitaja tabia na kuitafuta kwa ndege zote na kwa siku zote.

Mwaka 2016 Peter Aldhous na Charles Seife wa BuzzFeed News walionyesha uwezo huo. Walichukua data za Flightradar24, wakatafuta ndege za FBI na za Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, wakaonyesha jinsi zilivyokuwa zikizunguka juu ya miji ya nchi hiyo. Mtu anayetazama ramani jioni moja asingeliona jambo hilo, kwa kuwa duara moja si habari. Duara lilelile likirudiwa siku baada ya siku, mji baada ya mji, ndipo linapokuwa habari. Mwaka uliofuata Aldhous aliifundisha kompyuta tabia hiyo kwa vipimo kama ukali wa kona, kasi, mwinuko na muda wa safari, kisha akaiacha itafute ndege nyingine zenye mwendo huo.

Lakini uwezo huo una gharama yake. Kwenye ramani, kosa kubwa huonekana kwa macho: ndege ya abiria ikielea katikati ya Ziwa Viktoria bila kusogea, kila mtu atashtuka. Kwenye jedwali kosa halina sura. Linakaa kimya ndani ya jumla, ndani ya wastani, ndani ya sifuri.

"Hakuna" ya mwulizaji

Aina ya kwanza ya "hakuna" inatoka mkononi mwetu. Tiketi yako inasema ET302, nawe unaitafuta ET302. Haimo, kwa sababu mashirika ya ndege yana misimbo miwili: ya herufi mbili kwa tiketi na ya herufi tatu kwa redio. Kwenye data, Ethiopian ni ETH, Kenya Airways ni KQA si KQ, Air Tanzania ni ATC si TC, Precision Air ni PRF si PW. Basi unaandika ETH302, na bado haimo. Jina la safari lina nafasi 8. ETH302 inachukua 6, na katika jedwali la OpenSky mbili zilizobaki hujazwa nafasi wazi. Kwa macho yetu majina hayo mawili ni sawa, kwa kompyuta ni tofauti. Yapogoe majina kwanza, ndipo uyalinganishe.

Kisha kuna saa. Data zote zimeandikwa kwa UTC, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Anayehesabu saa kwa Kiswahili ana njia ya mkato ambayo sijaiona ikifundishwa popote: chukua saa yako ya mchana, ongeza 3, umepata UTC. Saa mbili asubuhi ni 05:00, saa sita mchana ni 09:00. Hatari iko kwenye mipaka ya siku. Anayeomba data za "tarehe 10" bila kurekebisha saa atapewa siku inayoanza saa tisa usiku wa Nairobi na kwisha saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 11. Ndege za usiku wa manane wa kuamkia tarehe 10 zitakosekana, na za usiku wa manane wa kesho yake zitajipenyeza.

Vipimo navyo vina mtego. OpenSky huandika mwinuko kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde, ilhali programu nyingi za vipokezi vya nyumbani huandika kwa futi na noti, yaani maili za baharini kwa saa. Sharti la "chini ya 3,000" ni ndege inayokaribia kutua ukisoma kwa futi, na ni ndege iliyo karibu futi 10,000 ukisoma kwa mita.

Mtego mkubwa kuliko yote ni nafasi tupu. Mstari usio na mwinuko hauko chini ya futi 3,000. Katika sheria za SQL hauko pia upande wa pili: ukiuliza ndege zisizo chini ya futi 3,000, mstari huo utaachwa nje tena. Uliza swali, kisha uliza kinyume chake, ujumlishe majibu, na bado kuna ndege ambazo hazimo kokote. Nafasi tupu hizi hutokea mara nyingi, kwa sababu tangazo moja halibebi latitudo na longitudo kamili. Mahali hufupishwa katika biti 17 kwa kila upande na kutumwa kwa zamu katika matangazo ya aina mbili. Kipokezi kikisikia la aina moja na kulikosa la pili, kinaweza kujua ndege ni ipi bila kujua iko wapi. Ndege hiyo imo kwenye jedwali, ila swali lolote la eneo litaipita.

"Hakuna" ya sikio

Aina ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu swali zuri haliiondoi. Mawimbi ya megahezi 1090 husafiri kwa mstari ulio karibu kunyooka na hayapindi vya kutosha kuufuata mviringo wa dunia. Kipokezi kilicho usawa wa bahari, bila kizuizi, kinaweza kuisikia ndege iliyo futi 35,000 kwa umbali wa kama kilomita 420. Ndege ileile ikiwa futi 1,000, umbali huo unashuka hadi kama kilomita 70. Dar es Salaam na mji wa Zanzibar vimeachana kwa takriban kilomita hizohizo. Kwa hiyo antena iliyo Dar es Salaam inaweza kuisikia vizuri ndege kubwa inayopita juu ya Mombasa, na ikaikosa ndogo inayotua Zanzibar.

Bara hali ni ngumu zaidi. Kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 200, na katikati zimesimama nyanda za juu za Ngorongoro. Ndege ya watalii inayotua mbugani hushuka nyuma ya ukuta wa milima. Jedwali linaona ndege ikipungua mwinuko, kisha kimya. Mtu asiyejua jiografia anaweza kuhesabu kimya hicho kuwa mwisho wa safari, au kuwa ajali.

Ndiyo maana ramani za dunia za matangazo haya hudanganya wasiojua. Ulaya inawaka vitone, Afrika ina giza lenye michirizi michache. Ni kweli kwamba Ulaya ina ndege nyingi zaidi. Lakini sehemu ya giza hilo ni ya masikio. Mahali pasipo na kipokezi hapana ndege kwenye jedwali hata zikipita mia.

Dawa ipo, na inaandikwa kwa SQL ileile. Kabla ya kuuliza ni ndege zipi zilipita chini ya futi 5,000 katika kipande fulani cha anga, uliza hivi: kwa siku 7 zilizopita, mwinuko wa chini kabisa uliowahi kusikika katika kipande hiki ni upi? Ligawe eneo lako katika viwanja vidogo vya nusu digrii na upate jibu la kila kiwanja. Huku karibu na ikweta hesabu ni nyepesi, maana digrii moja ni kama kilomita 111 kila upande, ilhali latitudo 60 digrii ya longitudo husinyaa hadi nusu ya hapo. Kiwanja ambacho hakijawahi kusikika kitu chini ya futi 12,000 hakina haki ya kukuambia "hakuna" kuhusu futi 5,000. Swali hilo la kwanza ni kipimo cha sikio, na mimi siandiki la pili kabla ya hilo.

"Ipo" isiyokuwapo

Jedwali linaweza pia kukosea upande wa pili, likakuonyesha ndege ambayo haipo tena mahali hapo. Ndege ikitoka nje ya masikio, OpenSky haiifuti papo hapo. Mistari yake huendelea kuandikwa kwa hadi sekunde 300, ikirudia mahali pa mwisho palipojulikana. Ndege ya abiria ikiwa katika mwendo wa safari huweza kukata zaidi ya kilomita 70 katika muda huo, huku jedwali likiendelea kuiweka palepale. Ukihesabu ndege zilizo katika eneo lako sasa hivi bila kulijua hili, unahesabu pamoja na zilizokwisha kuondoka.

Kinga yake ni sharti moja dogo: tofauti kati ya saa ya mstari na saa ya mara ya mwisho ndege kusikika isizidi sekunde 15. Sharti hilo linastahili kuwa la mazoea, kama mtu anavyotazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara.

Tena ndege husema inapodhani ipo. GPS yake ikivurugwa au ikidanganywa kutoka chini, itatangaza uongo kwa unyofu kabisa. Suala hilo limefika kwetu: mwaka 2024 kuvurugwa kwa GPS katika Kivu Kaskazini kulizungumzwa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Hata hapo data zinaweza kusaidia, kwa kuwa ndege hutangaza pia kiasi inachoamini usahihi wa mahali pake. Hesabu katika kila kiwanja ni ndege ngapi zimeshusha kiwango hicho kwa pamoja, na uharibifu wenyewe utajichora. Mhandisi John Wiseman ameijenga ramani ya GPSJam kwa hesabu ya namna hiyo.

Dakika 6 za ET302

Tarehe 10 Machi 2019, saa 2:38 asubuhi, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines iliruka kutoka Bole, Addis Ababa, kuja Nairobi. Ilibeba watu 157. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Kama dakika 6 baadaye ilianguka karibu na Bishoftu.

Flightradar24 walitoa data walizokuwa nazo, na swali la mstari mmoja lilitosha kushtua: nipangie kwa saa kasi ya kupanda na kushuka. Ndege iliyotoka kuruka hupanda mfululizo. Kasi hiyo ya ET302 ilibadilika-badilika, mara kupanda mara kushuka, bila utulivu. Aliyeuliza mwinuko peke yake angeona futi 8,600 kwenye mstari wa mwisho na kudhani ndege ilikuwa imeshafika juu salama. Kiwanja cha Bole chenyewe kiko kwenye futi 7,600 hivi, kwa hiyo chini ya ndege ilikuwa imebaki futi elfu moja hivi. Namba ilikuwa sahihi. Ilihitaji kuwekwa mbele ya ardhi ya Ethiopia ndipo iseme.

Mstari huo wa mwisho wa vipokezi vya ardhini ulikuwa wa saa 05:41 UTC. Ndege ilikuwa bado inaruka, na iliruka karibu dakika 3 zaidi. Jedwali lilinyamaza, na kimya chake kilikuwa cha sikio.

Sikio jingine lilikuwepo, juu. Baada ya ndege ya Malaysia MH370 kupotea Machi 2014, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2015 ulitenga masafa ili matangazo ya ADS-B yapokewe na setelaiti. Kampuni ya Aireon iliweka vipokezi vyake kwenye setelaiti za Iridium, mtandao wa setelaiti 66, na urushaji wake ulikamilika Januari 2019, miezi miwili kabla ya ajali. Tarehe 13 Machi waziri wa uchukuzi wa Kanada, Marc Garneau, alitangaza kuzuia ndege za aina hiyo, akieleza kwamba data za setelaiti zilionyesha mwenendo wa kupanda na kushuka unaofanana na wa Lion Air JT610, iliyoanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua watu 189. Marekani ilifuata siku hiyohiyo. Visanduku vyeusi vilikuwa bado havijasomwa. Kanada iliamua kwa kulinganisha safari mbili, upande kwa upande, kwa saa na kwa kasi ya wima. Kwa anayefanya kazi na majedwali, hilo ni swali la kuunganisha safari mbili na kutazama namba zao. Safari hizo mbili zilikuwa zimechukua maisha ya watu 346.

Hii ndiyo sababu siwezi kulichukulia swali la data za ndege kuwa mchezo wa wapenda kompyuta. Familia zilizokuwa zikisubiri katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta asubuhi ile zilistahili watu waliojua kutofautisha ndege iliyonyamaza na ndege isiyosikika. Mara nyingine tukio la namna hii likitokea katika anga letu, wa kwanza kuzisoma data atakuwa mwandishi wa habari wa Nairobi, Dodoma au Kigali mwenye kompyuta yake. Ningependa awe amejiandaa.

Kabla hujaandika "hakuna"

Namna ya kujiandaa naiita swali la shahidi. Usianze na ndege usiyoijua. Rudi ufukweni Unguja, subiri ndege ipite mbele ya macho yako, andika saa, ongeza 3, kisha iulize hifadhidata kuhusu ndege hiyo. Latitudo ya kusini itangulie, majina yapogolewe, mistari ya zamani iachwe nje. Ikitokea kwenye jedwali, sasa swali lako lina shahidi. Unaweza kulipeleka kwenye ndege usizoziona, na sifuri utakayopata itakuwa na uzito.

Isipotokea, kagua swali lako tena, neno kwa neno. Likiwa safi na ndege bado haimo, hujakuta anga tupu, maana umeiona kwa macho yako. Umekuta mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Panda juu ya paa la shule iliyo karibu, utazame kama bahari inaonekana bila kizuizi. Kidude cha televisheni, antena na kompyuta ndogo vinatosha. Hapo ndipo pa kuweka sikio.